Meli Yenye Fizi

Baba Mkubwa wangu humtazama mtu mdomo kwanza, macho baadaye. Ukimsalimia njiani ataitikia vizuri tu, lakini ukicheka umekwisha: ameshajua jino linalokusumbua, upande unaotafunia, na kama unasaga meno ukiwa usingizini. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Mtaani wanamwita Fundi Meno. Akiwa hasikii wanamwita Meno tu.

Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuna dirisha kubwa, meza ndefu yenye makovu ya moto, sufuria ya kuyeyushia nta, mashine ndogo ya kusagia inayolia kama mbu mwenye hasira, na rafu iliyojaa vinywa vya plasta. Mwenye duka la rangi yupo pale rafuni, na mkewe yupo, na mama mkwe wake, na wote wanacheka. Mgeni akiingia mara ya kwanza hurudi nyuma hatua moja. Mimi nimezoea. Naishi na Baba Mkubwa na Mama Mkubwa tangu baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alipopata kazi mbali.

Baba Mkubwa ana tabia moja inayojulikana na kila mteja. Akitengeneza meno yakakataa kukaa sawa mdomoni, harekebishi. Anayaweka mezani, anachukua nyundo ndogo, anayavunja mbele ya mwenyewe, kisha anasema, "Njoo wiki ijayo." Anasema kosa lililorekebishwa hubaki kosa, ila limevaa nguo mpya.

Mtoto wake ni mmoja, binti, ambaye mimi namwita Dada. Alikulia kwenye meza ile. Alijua kupanga meno kwenye nta kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na alipokuwa msichana mkubwa, wateja walianza kuuliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kuhudumiwa na binti badala ya baba. Baba Mkubwa alijifanya hasikii, huku kifua kinamvimba. Akamwekea kiti chake, taa yake na mashine yake ya kusagia. Ndipo Dada akaja na habari kwamba amechukuliwa jeshi la majini.

"Wewe?" Baba Mkubwa alisema. "Wewe unayeruka bomba likikurushia maji?"

"Watanifundisha kuogelea, Baba."

"Na hapa atakaa nani?"

Lile halikuwa swali.

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni mwa karakana, begi begani. Baba Mkubwa alikuwa anasaga jino. "Baba, naenda," Dada akasema. Mashine haikuzimwa. "Baba." Nilikuwa naliona lile jino kutoka pale nilipokuwa nafagia, halikuwa na kitu cha kusagwa tena, lilibaki kama punje ya mchele, naye bado anasaga. Dada akasubiri kidogo, kisha akatoka kwa mlango wa jikoni.

Tangu siku ile wakawa wanaongea kupitia kwa Mama Mkubwa, tena kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa katikati ya meza ya chakula.

"Mwambie Baba namsalimia."

"Unasalimiwa."

"Mwambie nimepokea," Baba Mkubwa akasema. "Mwambie huku mvua kubwa."

"Anasema mvua kubwa."

"Nimesikia, Mama."

"Anasema amesikia." Na Mama Mkubwa akikata simu alikuwa anawageukia kuta: "Mungu wangu, nimezaliwa niwe waya wa simu."

Baadaye mtu mmoja anayefanya kazi na Dada alipita mtaani kwetu akaacha boksi. Juu yake kulikuwa na picha ya meli ya vita ya zamani, ile ya mbao, yenye milingoti mitatu, matanga yamejaa upepo na midomo ya mizinga imetokeza ubavuni. Ndani kulikuwa na vipande vya kuundia mfano wake. Pembeni Dada alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Kwa Baba.

Baba Mkubwa aliligeuza upande huu na upande ule. "Mimi na mvi hizi naletewa mdoli?" Akalisukuma chini ya meza ya kazi na kuliwekea miguu. Likawa boksi la kuwekea miguu, mpaka kona moja ikabonyea.

Aliyelitoa pale ni bibi mmoja aliyekuja kupimwa meno ya juu. Ni bibi wa maneno mengi, na kwa kuwa mtu akiwa na nta mdomoni haongei, alimaliza yote kabla. Akauliza habari za binti. Akaambiwa yuko melini. Akauliza, "Na huko melini wanalala wapi, watoto wa watu?"

Baba Mkubwa alikuwa ameshika nta mkononi. "Wanalala," akasema.

"Najua wanalala, hata mwizi analala. Nauliza wapi. Chini? Kitandani? Wanafungwa kamba wasidondoke?"

"Tanua mdomo, Bibi."

Alimpima, akamsindikiza, akarudi akakaa. Nta ilikuwa imeshaganda kwenye kisu. Kisha akainama, akavuta boksi, akapuliza vumbi. Mimi nikaendelea kufagia pale pale palipokwisha kufagiwa.

Basi akaanza kuunda meli. Kwanza uti wake, ule ubao mrefu wa chini, kisha mbavu zikasimama juu yake kama za samaki aliyeliwa. Vibao vya kuvika mbavu vilikuwa vyembamba na vigumu kupinda; wengine wangehangaika, yeye alivitia kwenye maji moto ya kulainishia nta, akavikunja kwa vidole kama anakunja ufizi wa mtu. Kuvibana vikauke alitumia vibanio vya nguo vya Mama Mkubwa, vyote bila kubakiza. Upepo ukaja, shuka moja likakutwa kwa kinyozi wa jirani, pamoja na vitu vingine ambavyo kinyozi alivileta vimefungwa kwenye gazeti, anatazama pembeni.

"Mzee," Mama Mkubwa akasema, "leo nimepokea chupi zangu kwa mkono wa mwanamume wa nje. Nirudishie vibanio vyangu."

"Gundi bado mbichi."

Palipokuwa na mwanya kati ya vibao aliziba kwa kile anachokijua, ile plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi. Maelekezo yalisema tumia unga wa mbao na gundi. Yeye akasema unga wa mbao haujawahi kukaa mdomoni mwa mtu miaka ishirini. Kwa hiyo meli ikawa ya kahawia yenye mistari ya waridi, na kinyozi alipokuja kuchungulia akapiga kelele: "Jamani njooni muone! Meli ina fizi!"

Lakini kilichomsumbua Baba Mkubwa hakikuwa nje. Meli ile ndani, ukiacha mizinga, ilikuwa tupu. Waliotengeneza boksi walitaka ukimaliza uiweke juu ya kabati uitazame matanga. Yeye matanga hakuyajali. Mpaka leo yamekunjwa ndani ya bahasha. Alichukua kijitabu, akapata karatasi moja ya mchoro, meli imekatwa kama mkate, na vyumba vyote vinaonekana: ghala, jiko, ngazi, na mahali mabaharia walipotundika vitanda vya kitambaa juu ya mizinga. Akakaa na karatasi ile jioni nzima, kikombe cha chai kinapoa. Kesho yake akabandua vibao vya ubavu mmoja alivyokuwa amevibandika kwa jasho, akaanza kujenga ndani.

Alijenga jiko kwa plasta. Alitengeneza ngazi kwa vijiti vya kuchokolea meno. Vitanda akavikata kwenye bendeji, akavitundika kwa nyuzi, kila kimoja kinabembea ukipuliza. Shida ikawa mizinga. Ilijaa chumba kile cha kulala, mtu angeamka angegonga paji la uso kwenye chuma. Akaanza kuing'oa, mmoja mmoja.

Kinyozi hakuweza kunyamaza. "Fundi, hii ni meli ya vita au ya kwenda kulala? Adui akija mtampiga kwa mito?"

"Adui naye anataka kulala," Baba Mkubwa akajibu, hakuinua kichwa.

Mahali alipong'oa mzinga wa mwisho, karibu na kidirisha, hakutundika bendeji. Alimimina plastiki ya waridi, akaisaga, akaisugua mpaka ikang'aa, kikatokea kitanda kidogo cha miguu minne, chenye kingo za kuzuia mtu asidondoke. Hakusema cha nani. Mama Mkubwa alipoleta chai akakitazama kitanda, akamtazama mumewe, akaiweka chai na kutoka bila kudai vibanio.

Ndipo simu ikaja kwamba Dada amepewa likizo fupi. Anakuja, atakaa siku chache, halafu meli yao inaondoka safari ndefu, ya miezi, mahali ambapo hata simu ni ya kubahatisha. Mama Mkubwa alisubiri wateja waishe. Akaja akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Mzee, nisikilize. Mtoto akiondoka tena na wewe hujainua kichwa, mimi sitapitisha tena neno. Si lako kwake, si lake kwako. Na akikutwa na jambo huko, usije kunililia mimi."

"Nimesema sitaongea naye?"

"Umesema utaongea?"

Baba Mkubwa akachukua kitambaa akaifunika meli. Nilimwona siku zile akifanya mazoezi. Alikuwa anashika jino, midomo inacheza, hakuna sauti, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyekosea hesabu. Kuomba radhi hajui. Sijawahi kumsikia akiomba, hata siku alipomkata mteja ulimi.

Dada akaja. Amekonda usoni na amepanuka mabegani, na anatembea miguu imeachana kidogo. Alimkumbatia Mama Mkubwa, akanifinya shavu, kisha akaenda karakana. Nilimfuata na sinia la chai ili niwe na sababu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba." Akamtazama mdomo. "Jino la nyuma limepasuka."

"Nilianguka ngazini."

"Kushoto."

"Ndiyo, kushoto."

Mazungumzo yakaishia hapo. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Walikuwa wanapishana koridoni kama wapangaji. Chakulani Baba Mkubwa alimwambia Mama Mkubwa, "Muulize kama ataongeza," na Mama Mkubwa akaendelea kutafuna kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Ikabaki siku moja.

Asubuhi ya siku hiyo Dada aliingia karakana kutafuta mkasi, akavuta kitambaa. Nikamfuata mpaka mlangoni. Mama Mkubwa naye akaja nyuma yangu, mikono ina povu la sabuni. Baba Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake, amegeuka nusu.

Dada aliinama akachungulia ndani ya ubavu ulio wazi. Akapuliza vitanda vya bendeji, vikabembea. Akacheka kidogo. Kisha akachukua karatasi ya mchoro, akatazama meli, akatazama karatasi, na uso wake ukabadilika kuwa uso wa kazi. Nilisikia Mama Mkubwa akinong'ona nyuma yangu, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza."

"Baba," Dada akasema. "Umejenga kinyume."

"Nini?"

"Ndani yote. Ngazi ilitakiwa kulia, iko kushoto. Jiko kushoto, liko kulia. Ghala pia. Kila kitu umekigeuza."

Baba Mkubwa akasimama. Akachukua karatasi, akainua mkono wake wa kulia kama anaapa, akautazama, akatazama meli. Niliona rangi inampanda shingoni. Kisha mkono ule ukashuka taratibu, ukaenda kwenye nyundo.

Mama Mkubwa alinishika bega, povu likanilowesha nguo. Miezi ile yote, ngazi za vijiti, kile kitanda. Nyundo ilikuwa mkononi tayari.

"Kulia kwa nani?" Baba Mkubwa akauliza.

"Kwa meli, Baba."

"Mimi nimeweka kulia kwa meli. Mtu akikaa mbele yangu, kulia kwake ni kushoto kwangu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote."

"Mteja anakaa anakutazama. Huu mchoro umechorwa na mtu aliyesimama nyuma ya meli." Dada akaigeuza meli polepole, mbele yake ikaelekea dirishani, nyuma yake ikamwelekea baba yake. "Ona. Meli haikutazami wewe. Inatazama inakokwenda."

Baba Mkubwa akasimama pale nyuma ya meli. Alitazama mgongo wake kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake kutoka juu ya paa. Nyundo ikakaa mezani. Hakuiweka kwa hasira, aliilaza tu, na alipoongea sauti haikuwa ile aliyokuwa akiifanyia mazoezi.

"Unalala wapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Huko. Unalala wapi?"

Dada alikitoa kile kitanda cha waridi karibu na kidirisha, akakiweka kiganjani. Nadhani alielewa ni cha nani. "Meli yetu ni ya chuma, haifanani na hii," akasema. "Lakini ingekuwa hii, mimi siko hapa juu. Niko huku." Akashusha kidole, kikapita mahali mizinga ilipokuwa, kikapita mstari wa rangi unaoonyesha maji yanapofika, kikasimama chini kabisa karibu na nyuma. Pale Baba Mkubwa hakuwa amebandua kibao hata kimoja.

"Huko ni chini ya maji."

"Ndiyo."

"Maji yako juu yako? Umelala?"

"Yako pembeni na juu. Ukuta ni mwembamba kuliko huu wa kwetu."

"Unayasikia?"

"Mwanzo nilikuwa nayasikia usiku kucha. Siku hizi nimezoea. Tukifika bandarini yakanyamaza, ndipo nakosa usingizi."

Baba Mkubwa alikaa. "Unaogopa?"

"Naogopa sana, siku nyingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia," Dada akasema. "Nilisimama pale mlangoni. Mashine ilikuwa inalia."

Mama Mkubwa aliniachia bega. Nilidhani sasa Baba Mkubwa atasema lile neno, nikalisubiri kabisa, hata midomo yangu ikajiandaa. Hakulisema. Alivuta kile kiti cha pili, ambacho kilikuwa kimebeba magazeti tangu Dada aondoke, akamwaga magazeti chini, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa. Nionyeshe unapoanzia."

Dada akakaa. Akachora kwa penseli chini ya mstari wa maji, akachukua mashine yake, akaijaribu kwenye ukucha. Wakakata. Yeye alikata, baba yake akashika meli kwa mikono miwili isiteleze, vumbi la mbao linawajaa kwenye kope. Wateja wawili walikuja, wakaambiwa wiki ijayo. Kinyozi akaja, akatazama shimo kubwa chini ya meli ya watu, akasema, "Lakini sasa hii si itazama?" na wote wawili wakasema kwa pamoja, "Toka!"

Kinyume hawakukirekebisha. Nilidhani Baba Mkubwa atakivunja baadaye, lakini ngazi iko kushoto mpaka leo, na jiko kulia.

Asubuhi iliyofuata Dada aliondoka kazi ikiwa nusu. Baba Mkubwa alimbebea begi mpaka kituoni, na Mama Mkubwa, aliyewasindikiza, anasema waligombana njia nzima kuhusu unene wa kuta. Alirudi amekasirika na mwenye furaha, sijui nisemeje vizuri zaidi, akaenda moja kwa moja mezani.

Kile chumba cha chini kilimchukua muda. Alikisakafia, akakiwekea mlango, akapitisha bomba la waya kwenye dari kwa sababu Dada alimwambia kuna bomba. Kitanda cha waridi hakikuingia, akakipunguza miguu. Kisha akakwama. Nilimwona anakiingiza, anakitoa, anakigeuza, anakitoa tena.

Siku hiyo kwenye kiti alikuwepo mwenye duka la rangi, mdomo umejaa ule uji wa kuchukulia alama ya meno, ambao ukishawekwa hutakiwi kutikisika wala kusema. Baba Mkubwa alimwambia, "Tulia hivyo hivyo," akapangusa mikono, akachukua simu yake mwenyewe kutoka mfukoni. Ilikata. Akapiga tena. Ikakata. Mwenye duka la rangi akaanza kutoa macho. Akapiga tena, safari hii akasimama dirishani, akainua simu juu kama anatafuta kitu darini.

"Haloo? Ni mimi. Baba yako. Unanisikia? ... Hapana, hakuna aliyekufa, wote wazima. Nina swali. Ukilala, kichwa chako kinaelekea wapi?"

Mwenye duka la rangi aligugumia kitu.

"Usiongee, utaharibu," Baba Mkubwa akamwambia, kisha akarudi kwenye simu. "Si wewe, ni mteja. Nakuuliza, kichwa. Mbele au nyuma?"

Akasikiliza. Upande wa pili kulikuwa na mngurumo kama wa kinu, na ndani yake sauti ndogo ya Dada inaongea, inacheka, inaongea tena. Sikusikia maneno. Baba Mkubwa alisikiliza mpaka ikakatika yenyewe.

"Nyuma," akatuambia, mimi na mwenye duka la rangi. "Anatanguliza miguu." Akaenda kwenye meli, akaingiza vidole viwili pale chini, akakigeuza kitanda.